Karibu au Mbali

Bado hujawa kitu.
U jedwali tu, mistari arobaini na moja,
na mstari wa kumi na tisa una alama ya kuuliza
niliyoiweka mimi, hapa Isevya, kwenye meza ya kukatia mboga,
kwa kuwa ndiyo pekee isiyoyumba.

Nimekuja Tabora kwa ajili ya jicho la mama.
Wenzangu wako mabara mawili; sauti zao hunifikia
zikikatika kama redio ya betri zilizoanikwa juani.
Wanabishania uzito wako. Umezidi kilo mbili na robo.
Mmoja anataka upana: ukitazama mara moja tu
uzoe kipande cha anga kizima, saizi ya mwezi mpevu.
Mwingine anataka makali: eneo dogo, dogo kama punje ya ulezi
iliyoshikwa kwa mkono ulionyooshwa,
ila nyota mbili zilizogandana zionekane kuwa ni mbili.
Yote mawili hayaingii. Nimepiga hesabu mara nne.
Nimepunguza skrubu. Nimepunguza hata rangi nyeusi ya ndani,
kisha nikairudisha, maana bila giza lake mwenyewe
kamera hujimulika
na kudhani imeona kitu.

"Kalunde, umetuelewa?" Nimewaelewa.
Ukishapaa, hakuna fundi.
Hakuna bisibisi yenye urefu wa kilomita milioni moja na nusu.
Kosa nitakalolipitisha leo kwa penseli
litakaa huko, kwenye nyuzi mia na ishirini chini ya sifuri,
likipiga picha safi kabisa
za kosa.

Jana, Kitete, Daktari Lyatuu alimkalisha mama,
akammulika, akasema mtoto wa jicho amekomaa,
atatolewa Jumanne, na mahali pake itawekwa lenzi
ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho.
Kisha akauliza, kwa upole wa mtu asiyejua anachonifanyia:
"Mama, ungependa uone vizuri mbali, au karibu?
Lenzi ni moja. Kunakobaki utavaa miwani."

Nilikwisha kufungua mdomo. Mbali, daktari, mbali!
Mama akanikanyaga mguu.
"Karibu," alisema. "Mbali nimeshakujua.
Nyumba ya Mihambo haijahama.
Treni ya Mpanda naitambua kwa honi.
Ila mchele unanidanganya, daktari. Nimewalisha wageni mawe.
Na sindano: mwaka wa tatu huu
naombaomba watoto wa watu wanitungie uzi."

Usiku umeme ulikatika.
Nikarudi kwenye mstari wa kumi na tisa, simu ikiwa asilimia kumi na mbili.
Sikuandika "karibu". Angani hakuna karibu.
Lakini ule ungo haukunitoka:
jiwe kwenye mchele halijifichi kwa umbali,
wala kwa udogo.
Linafanana tu.

Nikafuta alama ya kuuliza. Nikaandika: makali.
Kwenye nafasi ya sababu nikaandika: vinavyofanana.
Mmoja wao alicheka, si kwa ubaya,
akasema sababu haina tarakimu. Ni kweli.
Nikamtumia tarakimu, kurasa sita.
Alhamisi watapiga kura, na huenda nikashindwa,
ukazaliwa mpana, mwenye macho ya kukumbatia,
nami nitakuhudumia vilevile.

Jumatano asubuhi walimfungua bandeji.
Alitazama kwanza viganja vyake, pande zote mbili,
kama anayekagua bidhaa.
Akatazama kifungo cha gauni la nesi.
Halafu akanivuta kichwa, akakiinamisha
chini ya dirisha, kwenye mwanga.

"Kumbe una mvi."
"Ngapi?"
Hakujibu. Alianza kuzihesabu, moja moja,
na mbili zilizoshikana
akazitenganisha kwa ukucha.